Kelele za Fuwele ya Tatu

Siku ya tatu tangu fundi wa tanuri atiwe ndani, Inspekta alishuka chumba cha vielelezo ili afunge jalada, na sumaku ndogo ikamharibia shughuli.

Sumaku yenyewe ilikuwa ya shajara yake, ile inayofanya kifuniko kijifunge chenyewe. Aliiweka shajara mezani, kisha akamwaga juu ya karatasi nyeupe vipande vitatu vya metali vilivyokutwa kwenye kabati la fundi ndani ya kopo la majani ya chai. Alitaka kuvihesabu mara ya mwisho, apige muhuri, atie saini, aende zake. Kabla hajashika kalamu, kipande kimoja kikajivuta, kikaruka, kikanata kwenye kifuniko. Ta! Cha pili kikafuata.

"He! Vina uhai hivyo?" aliuliza sajini mtunza vielelezo.

"Havina," Inspekta alijibu taratibu. "Lakini havikupaswa kufanya hivyo."

Akakibandua kimoja kwa ukucha, akakirudisha kwenye karatasi, akasogeza tena shajara. Kikaruka tena. Akarudia mara nne. Sajini akaona afadhali amalize chai yake.

Kesi ilikuwa imeonekana nyepesi kama karatasi. Kwenye maabara ya fizikia ya chuo kikuu, fuwele tatu za chuma na elementi iitwayo seleni zilikuwa zimetoweka mwishoni mwa wiki, siku moja tu kabla ya wakaguzi kutoka nje kuja kuzipima. Ndizo zilizomjengea jina Profesa, mkuu wa maabara hiyo. Umeme ukipita kwenye waya wa kawaida hukwama kwama, na sehemu yake hupotea kuwa joto. Zipo metali ambazo, zikipoozwa vya kutosha, huupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, ila baridi inayohitajika huwa kali mno, ya kutafutwa kwa taabu na mitambo mikubwa. Profesa alikuwa ametangaza kwamba fuwele zake zilifanya hivyo kwenye baridi nyepesi zaidi, ile ya nitrojeni kimiminika, ambayo hata kiwanda cha kugandisha nyama kinaweza kuwa nayo. Na zilitokana na chuma, kitu ambacho wataalamu wote walikuwa wameapa hakiwezi kwenye baridi nyepesi hivyo.

Rekodi ya mlango ilionyesha kadi ya fundi wa tanuri imefungua maabara Jumapili saa nane na dakika kumi mchana. Hakukuwa na mwingine aliyeingia siku hiyo. Inspekta alimhoji fundi Jumatatu jioni, na fundi alikuwa mzito wa maneno.

"Jumapili saa nane ulikuwa wapi?"

"Na familia."

"Familia wapi?"

Fundi akageuzia uso ukutani.

"Kadi yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye koti."

"Na koti?"

Fundi alitazama mikono yake iliyojaa makovu ya moto. Inspekta akaandika: mtuhumiwa amekataa kujibu. Baadaye Profesa mwenyewe alikuja kituoni, akakishika kipande kimoja kwa kibanio, akakitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa kama mfiwa. "Ndizo, mwanangu. Hewa imeshaziharibu." Hapo Inspekta hakuona cha kuuliza zaidi. Kabla ya kujiunga na polisi alikuwa amesoma fizikia miaka miwili, na Profesa ndiye aliyemfundisha. Ndiye pia aliyemwandikia barua ya kumwombea nafasi ya upelelezi. Bosi alipomkabidhi jalada, alimwambia kwamba Profesa amemtaja yeye kwa cheo na kwa jina, hataki mwingine. Inspekta alitoka ofisini kwa bosi akiwa ameinua mabega.

Sasa akavirudisha vipande kwenye kopo, akalifunga, na muhuri akauacha palepale.

"Husaini?" sajini aliuliza.

"Bado."

* * *

Maabara ilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido ndefu iliyonuka mafuta ya pampu. Ndani, pampu zenyewe zilinguruma bila kupumzika. Tanuri sita zilipangwa ukutani, zote zimezimwa. Katikati palikuwa na sanduku kubwa la kioo lenye glavu mbili nyeusi za mpira zilizotokeza mbele. Humo fuwele zilihifadhiwa kwenye gesi isiyozidhuru, na mtu aliyetaka kuzigusa aliingiza mikono kwenye glavu.

Aliyekuwepo ni mtafiti wa shahada ya uzamivu, msichana mwembamba ambaye maabara nzima ilimwita Miwani. Alimkaribisha Inspekta bila kumtazama usoni.

"Nataka kuuliza swali la mtoto wa shule," Inspekta alisema. "Nikisogeza sumaku karibu na fuwele zenu, zitaruka?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Si za chuma?"

"Hapo ndipo ilipo ajabu yenyewe." Miwani alianza kulainika, kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani kwao. "Umeme unapita bila ukinzani pale elektroni zinapotembea mbili mbili, zimeshikana. Usumaku wa chuma unazitenganisha hizo jozi. Ndiyo maana watu hawakuamini. Lakini chuma kikishaungana na seleni, kinaacha tabia zake za zamani. Kinatulia."

"Na ikiharibiwa na hewa? Tabia zinarudi?"

"Inafifia. Inakuwa nyeusi, inamomonyoka. Hairuki, labda uwe na sumaku kubwa na macho makali."

"Vipande vya kwenye kabati la fundi vinang'aa, na vinaruka kama misumari."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya koti jeupe, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi hivyo ni vya karakana. Mabaki ya mashine ya kukerezea."

"Nani anaweza kuviokota huko?"

"Yeyote. Vimejaa sakafuni."

Inspekta alivuta kiti, akaketi. Alikuwa na karatasi nyingine mfukoni, nayo ilimhusu huyu huyu msichana. Wataalamu wa kompyuta wa kituoni walikuwa wamempa asubuhi ile ile.

"Jumatatu saa moja asubuhi, kabla hata polisi hatujaitwa, ulifuta barua pepe kumi na moja kwenye kompyuta ile pale. Zote zilikwenda nje ya nchi. Ulikuwa unawauzia nini?"

"Sikuuza kitu."

"Watafiti wa maabara nyingine wangezitamani sana hizi fuwele. Fundi ana kadi, wewe una watu wa kuwapelekea. Mlikula njama?"

"Mimi na yule mzee?" Msichana akacheka, kicheko kilichokaribia kilio. "Inspekta, sikuwauzia. Niliwaita! Wale wakaguzi ni mimi niliyewaita, na sikuweka jina."

Inspekta akafungua shajara yake.

Miwani alikwenda kwenye droo, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya kitabu kinene. Zilikuwa grafu. Kila moja ilikuwa na mstari uliotambaa kwa usawa kutoka kulia, kisha ghafla ukaporomoka hadi sifuri.

"Hii ni fuwele ya pili. Hii ni ya tatu. Unavyopima, unabandika nyaya nne juu ya fuwele, unaipooza polepole, unasoma ukinzani. Lakini mkono wa mashine haukosi kutetemeka. Lori likipita barabarani, mtu akifunga mlango, joto likicheza kidogo, yote yanaingia. Sisi tunaziita kelele. Angalia huu mstari, si laini, una vimeno meno."

"Nimeviona."

"Vile vimeno haviwezi kufanana mara mbili. Ukipima fuwele hiyo hiyo leo na kesho, utapata vingine. Ni kama kumwaga mchele sakafuni mara mbili ukutegemea punje zikae vilevile." Akazipandanisha karatasi, akazibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. "Haya, tazama."

Inspekta akasimama, akasogea mpaka pumzi yake ikapaka ukungu kwenye kioo. Mistari miwili ilikuwa mmoja. Kila kimeno kilikaa juu ya mwenzake, tangu mwanzo hadi kwenye poromoko.

"Nani alipima?"

"Profesa. Zote tatu alizipima mwenyewe, hakutaka mtu aguse. Nilipomwonyesha hizi, aliniambia nimechoka, nikapumzike. Nilikwenda kupumzika, na niliporudi nikakuta jina langu halimo kwenye makala inayofuata."

"Ukawaandikia wakaguzi."

"Nilidhani watakuja, watapima, yataisha kimya kimya. Kumbe fuwele zinapotea, na mzee wa watu anatiwa pingu mbele yetu."

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

Miwani alivaa miwani yake, na kwa mara ya kwanza akamkazia macho. "Jumatatu uliingia humu, ukamwamkia Profesa shikamoo, ukamwita Mwalimu, ukanywa chai yake. Ningekuambia nini, Inspekta?"

Inspekta alizitoa karatasi dirishani, akazikunja vizuri, akaziweka ndani ya shajara.

"Faili moja ikinakiliwa mara mbili, wakili atasema ni makosa ya kompyuta," alisema hatimaye. "Nataka kujua kama hiyo fuwele ya tatu iliwahi kuwepo. Nani anajua?"

"Aliyeipika. Fundi anaandika kila mrija wa kioo wenye chuma na seleni unaoingia kwenye tanuri. Ana daftari lake dogo la jalada jekundu."

"Liko wapi?"

"Profesa anasema liliibiwa pamoja na fuwele."

* * *

Kituoni, mke wa fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, mfuko wa nguo safi mapajani. Alikuwa mwanamke mpole mwenye uso mpana, na kila aliyepita alimsalimia kana kwamba yuko sebuleni kwake. Alikuwa pia dada wa Profesa, wa tumbo moja, na hilo ndilo lililoifanya kesi ionekane ya kusikitisha zaidi. Fundi alikuwa ameiba, watu walisema, kwa shemeji yake aliyempa kazi.

"Hujambo, Inspekta. Leo nimemletea sweta. Analalamika baridi?"

"Halalamiki kitu, mama. Njoo tukae ndani kidogo."

Walikaa kwenye chumba cha mahojiano, mlango wazi. Mwanamke aliweka mfuko mezani, akaufungua ili ukaguliwe, kama alivyozoea sasa. Shati. Sweta. Taulo. Na chini kabisa, daftari dogo lenye jalada jekundu lililoungua pembe moja.

"Hilo si lake," alisema haraka. "Yaani ni lake, ila nampelekea Kaka. Nimelikuta leo kwenye mfuko wa ovaroli, nilikuwa naloweka nguo. Kaka amekuwa akilitafuta tangu Jumatatu. Ameniambia nikiliona tu nimpe yeye, nisimpe mwingine, litamsaidia wakili."

"Ameshapata wakili?"

"Anashughulikia. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, yote nimwachie yeye. Unajua Kaka ndiye aliyetulea baada ya wazazi kuondoka. Akisema nimwachie, namwachia."

"Amekuja kumwona shemeji yake?"

"Ana mambo mengi, maskini. Wakaguzi wamemkalia kooni."

Inspekta alinyoosha mkono. "Niazime daftari, mama. Nitakuandikia stakabadhi kwamba nimelichukua mimi."

Mwanamke alisita. Kisha akalisukuma mezani. "Si yote ni kumsaidia?"

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Ni kumsaidia mumeo."

Mwandiko wa fundi ulikuwa wa kubana, wa mtu aliyezoea kuandika akiwa amesimama. Kila mrija ulikuwa na ukurasa wake. Mrija wa 1: vibamba vizuri, vinang'aa. Mrija wa 2: vibamba vidogo, vinafaa. Inspekta akageuza ukurasa. *Mrija wa 3. Umepasuka siku ya tano. Seleni yote imetoka, nimefungua madirisha. Hakuna fuwele. Nimemwambia Shemeji.*

Alisoma mstari wa mwisho mara mbili. Makala iliyoutangazia ulimwengu fuwele ya tatu ilisema ilipimwa siku sita baada ya tarehe iliyoandikwa hapo.

"Mama, Jumapili iliyopita mlikuwa wapi?"

"Kwa Kaka. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakula kwake, lazima."

"Mlifika saa ngapi?"

"Saa sita hivi. Tukala, mume wangu akavua koti, akajilaza kwenye kochi, akakoroma kama trekta. Ndivyo alivyo."

"Na koti?"

"Kwenye ndoano, pale mlangoni."

"Na kaka yako alikuwepo muda wote?"

"Alitoka kidogo kufuata soda. Akakawia! Saa saba na nusu mpaka saa tisa kasorobo. Nikamtania, nikamwambia nilidhani umekwenda kuzitengeneza mwenyewe." Akatabasamu, kisha tabasamu likapungua. "Kwani Jumapili ina nini? Si wizi ulikuwa Ijumaa?"

"Nani alikwambia Ijumaa?"

"Kaka."

Inspekta aliandika stakabadhi, akaipiga muhuri, akampa. Mwanamke aliikunja mara nne, akaitia kwenye pochi, akauliza kama anaweza kungoja pale pale mapokezi hadi saa ya kuonana na mahabusu. Inspekta akamwambia angoje.

* * *

Profesa alisimama alipomwona, akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ofisi ilikuwa na jua la alasiri, vitabu hadi darini, na picha za wanafunzi wa miaka mingi. Inspekta alikuwa kwenye mojawapo, safu ya pili, bado na nywele fupi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga jalada?"

"Nimebakiza vitu vidogo vya kujaza. Wakili wa fundi akiuliza, nisije nikababaika. Hizo fuwele, kila moja ilikuwaje?"

"Ya kwanza ilikuwa ndefu kidogo. Ya pili ndogo, kama punje ya dengu iliyopondwa."

"Na ya tatu?"

"Ah, ya tatu." Profesa alitabasamu kwa huzuni. "Pana, kama ukucha wa kidole kidogo. Ilikuwa na kona iliyovunjika upande wa kushoto. Nzuri kuliko zote."

Inspekta aliandika maneno hayo yote, hata kona. Akamgeuzia shajara. "Nisaidie kusaini hapo, kwamba ndivyo ulivyoieleza."

Profesa akasaini. Ndipo Inspekta akatoa daftari jekundu, akalifungua kwenye ukurasa wa mrija wa tatu, akaliweka mbele yake. Profesa akasoma. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, na akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ni ya kioo.

"Fundi anakosea tarehe," alisema.

"Labda." Inspekta akatoa grafu mbili, akazipandanisha, akaziinua mbele ya dirisha. "Na mashine nayo ilikosea? Vimeno vyote hivi, kimoja kimoja?"

"Yule msichana ana chuki na mimi."

"Na sumaku? Vile vipande ulivyovitambua mbele yangu vinaruka, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chuma kinachoruka hakiwezi kazi hii. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Niliandika."

Profesa alitazama mlango. Inspekta alikuwa ameuacha wazi nusu, na koridoni alionekana askari wa kike aliyesimama ameegemea ukuta.

"Jumapili ulikwenda kufuata soda," Inspekta aliendelea. "Duka liko mkabala na nyumba yako. Nimepita hapo sasa hivi, nimehesabu hatua sabini. Wewe ulitumia saa moja na robo. Kadi ya shemeji yako ilikuwa kwenye koti, na koti kwenye ndoano yako. Fuwele mbili za kweli umezipeleka wapi?"

Profesa akaketi, na alipoketi akaonekana mzee.

"Kwenye asidi," alisema. "Ziliyeyuka dakika chache tu."

"Zilikuwa na kasoro gani?"

"Hazikuwa na kasoro. Zilikuwa fuwele nzuri za kawaida, zinazohitaji baridi ile ile kali ambayo kila mtu anaijua. Mara ya kwanza sikudanganya, mwanangu. Naomba hilo uliandike. Niliona ukinzani unaporomoka kwa macho yangu, nikapiga kelele kama mtoto. Wiki nzima niliamini. Nilishatangaza. Kisha nikagundua waya mmoja ulikuwa umeteleza. Mashine ilikuwa inapima hewa tupu."

"Ungesema."

"Ningesema. Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Halafu wakataka fuwele ya pili. Halafu ya tatu."

"Fundi alijua?"

"Yule? Hajui kusoma grafu, na makala hasomi. Anapika tu."

"Basi kwa nini yeye?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Inspekta ilipanda. "Maabara ina watu tisa. Mwenye kabati la jirani hukumjua hata jina lake la pili. Kwa nini mume wa dada yako?"

Profesa alifikiri, kwa dhati, kama alivyokuwa akifanya darasani mtu akiuliza swali zuri.

"Kwa sababu ndiye pekee ambaye angenisamehe," alisema.

Kulikuwa na swali lingine, halikuwa la jalada, na alijua hakulazimika kuliuliza.

"Na mimi? Uliniomba kwa jina. Wapelelezi tuko kumi na wanne."

"Unataka nikujibu?"

"Nataka."

"Kwa sababu wewe usingeniuliza maswali."

Inspekta alifunga shajara. Akamsomea haki zake neno kwa neno, bila kuruka hata moja, kwa sauti ile ile aliyowasomea wezi wa baiskeli. Askari wa kike akaingia. Profesa alinyoosha mikono bila kuambiwa, kisha akasema, "Dada yangu asiambiwe kwanza. Niachie hilo nilifanye mwenyewe. Nakuomba, mwanangu."

"Umekuwa na siku tatu," Inspekta alisema. "Na mimi niite Inspekta."

* * *

Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha saruji, amevaa sweta aliloletewa. Alipoona mlango unafunguliwa na Inspekta anaingia peke yake, bila askari, alisimama.

"Uko huru," Inspekta alimwambia. "Karatasi zako zinapigwa chapa. Nimekuja kukuomba radhi mwenyewe, sitaki akuombe mwingine kwa niaba yangu. Nilikufunga kwa neno la mtu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza neno la nani. Inspekta aliliona hilo.

"Ulijua," alisema.

"Uliponiambia Jumapili saa nane, nilijua. Koti langu lilikuwa kwake. Nilipoamka kutoka kochini nilikuta limetundikwa upande, na mimi situndiki hivyo."

"Ungelisema neno hilo moja tu, usingelala hapa hata siku moja!"

"Ningelisema mimi, ingekuwa nimemshtaki." Fundi alikuna makovu ya kiganja. "Nilitaka aje. Nilijiambia, labda ameogopa, amepotewa na akili kidogo. Mtu anaweza kupotewa. Kesho atakuja, atasimama pale ulipo, atasema, shemeji, ni mimi. Basi, nami ningemwambia yameisha. Nilishayaandaa hata maneno."

"Hakuja."

"Siku ya kwanza nilisema ana kazi. Siku ya pili nilisema labda amezuiwa. Leo asubuhi nikasikia sauti yake pale mapokezi, anaongea na bosi wenu, anacheka. Nikasimama, nikafunga vifungo vya shati." Akavuta mikono ya sweta. "Akaondoka."

Inspekta aliegemea ukuta. Kutoka nje, kupitia kidirisha cha juu, zilisikika sauti za mapokezi, na miongoni mwao sauti ya mwanamke akimwambia mtu akae, asisimame na miguu imevimba, nafasi ipo.

"Mkeo yuko nje," Inspekta alisema. "Hajaambiwa kitu. Daftari amelileta yeye, kwa mkono wake. Alidhani anakusaidia wewe na kaka yake pamoja. Nikitaka, naweza kumwambia mimi. Ni kazi yangu."

"Hapana."

"Basi twende, mlango uko wazi."

Fundi aliutazama mlango. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akaketi tena pale pale kwenye kitanda cha saruji, na akaweka mikono magotini kama mtu anayengoja kuitwa.

"Nipe dakika chache humu humu, Inspekta," alisema. "Nikitoka tu ataniuliza ni nani. Na ana kaka mmoja tu."

Inspekta akaurudisha mlango bila kuufunga, akaketi kando yake.